Mkwaruzo wa Cynthia

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Albamu ya Cynthia wangu imefika kwa simu! Jazi. Nimeisikiliza jikoni, mlango nimefunga. Sauti ni ya mtoto wangu kabisa, laini, kama ananinong'onezea nikichambua mboga. Ngoma haipigwi, inafagiwa polepole, kama uwanja asubuhi. Tarumbeta inalia kama iko ng'ambo ya kilima. Lakini kuna mkwaruzo! Chiii, ta, ta, mwanzo mpaka mwisho, kama mafuta kwa sufuria. Tena wimbo wa tatu amesahau maneno, akaimba shubi-dubi-dubi. Nikamwombea hapo hapo.

Amesema Jumapili anakuja kuwaimbia watu wa nyumbani. Wasipoipenda, ataacha kuimba. Ee Nyasae, Mungu wangu! Huyu aliimba kabla hajatembea. Lazima waipende. Hiyo niachieni mimi.

Jumanne, 5 Agosti
Nilibeba spika hadi kituo cha majani chai hapa Kebirigo. Lori la kubeba majani lilichelewa, kwa hivyo hakuna mtu wa kunikimbia. Mpango safi! Jirani yangu Mokeira, mama Ian (Ian hupiga kinanda kanisani, tumeshaambiwa sote), akasema, "Mama Cynthia, hiyo betri imekufa, anika juani." Wanawake wakacheka mpaka vikapu vikatikisika. Majani yake yalishapimwa lakini hakutoka. Alibaki kunicheka mpaka wimbo wa mwisho. Roho gani hiyo!

Ila ushauri ni ushauri. Nilianika spika juu ya paa la jiko. Mchana ikanyesha. Huku hunyesha kila mchana, na mimi nimezaliwa huku. Sasa spika inakwaruza na kukohoa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata dawa. Obwocha, fundi wa simu pale sokoni, ana kompyuta ya kuondoa uchafu kwa nyimbo. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwambia nilikuwa nafua nguo za watu yeye hajazaliwa, uchafu naujua. Akaosha nyimbo zote. Akanipa na spika ya kuazima.

Zikatoka safi kama sahani! Nikarudi kituoni mbio. Wanawake waliongea habari za mbolea nyimbo zikiendelea. Mmoja akauliza kama ni tangazo la matanga. Mokeira aliondoka bila hata kunitukana. Hiyo iliniuma zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti
Sabato. Sikufanya kazi. Kupanga si kazi.

Jumapili, 10 Agosti
Cynthia alifika. Uwanja ulijaa, chai ikamiminwa vikombeni. Kabla hajafungua mkoba nikawasha nyimbo zangu zilizooshwa, nimwonyeshe. Watu wakapiga miayo. Mtoto wangu akaniangalia, akauliza nani amemwosha sauti. Nilitaka ardhi inimeze na kikombe changu.

Nani akasimama? Mokeira! Akasema, "Yaya! Hapana, hii siyo. Mama Cynthia, rudisha ile ya Jumanne, ile inakaanga." Kumbe Jumanne hakubaki kunicheka. Alisema iliimba kama redio ya baba yake, ile ya betri za kuanikwa, wao watoto wamelala kwa mkeka na mama anapukuchua maharagwe. Akafuta macho na leso. Akasema ukiondoa mkwaruzo, umemwondoa na baba.

Cynthia akacheka, akawasha yake mwenyewe. Kumbe huo mkwaruzo waliutia studioni makusudi! Watu wakaweka vikombe chini. Angwenyi, mume wa Mokeira, ambaye hajacheza tangu harusi yake, akamshika mkewe mkono, wakacheza mbele ya watu na mchungaji. Shubi-dubi ilipofika, wanawake wote wakaitikia. Na maneno hakuyasahau, ndivyo huimbwa! Maombi yangu ya Jumatatu sijui yalienda kwa nani.

Cynthia alinikumbatia. Haachi kuimba. Anaanza albamu nyingine. Ila aliniomba nisiguse kitu. Nikakubali.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimewaza. Kama mkwaruzo mdogo umemchezesha Angwenyi, mkubwa utafanya nini? Leo nimekaanga njugu karibu na simu, inarekodi. Nikaongeza kuku akitaga, na mlango wa choo. Obwocha atazichanganya na nyimbo mpya zikifika. Ameuliza tena kama nina hakika. Kijana mwoga sana.

Cynthia hajui. Atafurahi!

Spika nimeianika tena juu ya paa. Jua kali hivi, leo haiwezi kunyesha.