Chanuo la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Hatatia dawa kichwani! Ataolewa na nywele zake kama alivyozaliwa nazo: kipilipili, nyeusi, nene kama zulia. Nikampongeza. Kisha akasema atasukwa na wifi yangu.

Wifi! Dada wa marehemu mume wangu, tunaishi ua mmoja, mlango wake unatazama wangu. Mimi nimefundisha sayansi mpaka nikastaafu. Nikamweleza mjukuu taratibu kwamba unywele wetu umejikunja kama springi, hivyo mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki nchani, ndiyo maana hukauka na kukatika. Maji hutangulia, mafuta hufuata. Akasema hayo yote anayajua, Bibi, ila nikimsuka mimi huona nyota.

Lawama ya zamani. Mama mkwe wangu, aliyefariki kabla mtoto huyu hajazaliwa, alikuwa akija kusimama nyuma yangu nikisuka. "Mkono mzito, mkamwana. Wewe ungefaa kupalilia." (Mkamwana ni mke wa mwana. Yeye alilitamka kama anayefukuza kuku.) Hakuwahi kunisifu. Hata mara moja!

Nimembembeleza bibi harusi mpaka akakubali: Jumatano atanipa kichwa kwa majaribio. Nikimliza, kazi ni ya wifi.

Jumanne, 4 Juni

Siri ya wifi si mkono. Ni chanuo! La mti, meno marefu, alilorithi kwa mama yake. Hulifunga kitambaa cheusi na kulilaza sandukuni. Leo wifi alipokwenda kwa fundi kujaribu gauni, niliingia kuliazima. Sanduku lilikuwa baridi. Chanuo lilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Katikati ya meno zimenasa nywele nyeupe. Mama mkwe alikuwa na sheria: kabla chanuo halijagusa kichwa kingine, nywele zilizonasa zitolewe na kuzikwa. Nimecheka. Kuliosha pia sikuliosha, maana mti ukilowa huvimba na kupasuka. Hiyo ni sayansi.

Nimejaribu kwangu kwanza. Nywele mbichi, mafungu madogo, kuanzia nchani kupanda kwenye shina. Halikukwama popote! Lilitangulia mkono wangu, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka nimesukwa.

Mistari imenyooka, yote imeelekea sikio la kushoto, ncha zimefichwa ndani. Nalala peke yangu na mlango ulikuwa na komeo. Kilemba cha satini nilichokifunga jana kilikuwa bado kimefungwa, juu ya misuko. Maelezo: mikono ya mtu aliyezoea kazi huweza kuifanya usingizini. Na satini huteleza.

Kwenye paji, upande wa kushoto, pametokea shungi jeupe. Umri.

Mjukuu amekuja. Hakulia! Alisinzia mikononi mwangu, shingo laini. Humo usingizini akaniuliza kama kisima kimefunikwa. Uani hapana kisima. Kilifukiwa zamani, mume wangu akiwa hai. Alipoamka hakukumbuka kitu, akajitazama kwenye kioo na kusema kazi ni yangu. Yangu! Wifi alisikia toka mlangoni kwake. Sikujizuia, nikampungia mkono.

Alhamisi, 6 Juni

Wifi amefungua sanduku. Nilimsikia akipekua, halafu kandambili zake zikaja kwangu. Alikuja na maneno mdomoni, nikaona. Alipoliona shungi langu jeupe akayameza. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilizitoa nywele za mama kwanza. Nikamweleza kwamba unywele ni kitu kilichokufa tangu unapochomoza kwenye ngozi, haujui ni wa nani. "Wifi," akasema, "wewe na shule yako mtatumaliza." Akaomba nilirudishe. Nikamwambia sijaliona, labda panya.

Liko kwenye debe la unga. Mchana nilizing'oa zile nywele nyeupe nikazitupa dirishani. Jioni nilipofunua debe, zilikuwa zimejaa tena menoni. Ndefu zaidi. Hewa imekauka siku hizi, na hewa kavu huvuta nywele.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Nimemsuka bibi harusi. Majirani wamekuja kutazama, wakanong'ona kwamba hawajaona misuko kama ile tangu enzi za mama mkwe. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Bibi harusi alikaa amenyoosha mgongo, mikono magotini, kidole kimoja kikigonga. Sijui kajifunzia wapi. Nilipomaliza, paji lake lilikuwa na shungi jeupe, upande wa kushoto. Nilipaka mafuta, halikutoka. Nikamwambia ni mtindo.

Wifi alisimama kizingitini, hakuvuka.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi niliingia kumvika bibi harusi. Alikuwa amekaa, gauni tayari. Akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza wa misuko, polepole, kama anayekagua vumbi. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mkono mzito, mkamwana. Wewe ungefaa kupalilia."

Nyuma yangu wifi alipiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kisima mmefunika?"

Nje gari la bwana harusi likapiga honi. Wifi alinikamata bega akanitikisa: chanuo liko wapi, bwana harusi ataondoka na nani? Nikataja debe la unga. Akakimbia, akazikwanyua nywele zote, akazizika uani kwa kucha zake, pale pale palipokuwa na kisima, huku akiomba radhi kwa niaba yangu. Yangu!

Mjukuu akapepesa macho. Akauliza mbona tunalia na gari limefika. Shungi jeupe halikuwepo. Ameolewa vizuri, misuko haikuachia hata mmoja. Wifi akanikumbatia akilia, akaniapisha kwamba sitaligusa chanuo tena. Nikaapa.

Jumapili, 9 Juni

Nimelitafakari suala hili kwa utulivu. Nimeweka ubao pale uani palipokuwa na kisima. Si kwamba naamini, ni tahadhari ya kawaida. Kosa langu pia nimeligundua: maji. Nywele za mtoto zilihitaji maji zaidi kabla ya kusuka, ndiyo maana mkono ulionekana mzito.

Jaribio la kweli hurudiwa. Wifi amechoka na harusi, amelala kibarazani, kichwa wazi. Chanuo nimeshalichukua. Lina joto.

Safari hii mama mkwe atanisifu.