Ukuta wa Sauna Uliovaa Paa

Jumapili, 15 Juni 1958

Aibu tena. Baada ya ibada, watu wakiwa na kahawa na mkate wa iliki mkononi, shemeji yangu Onni katangaza kwamba Juhannus, sikukuu yetu Wafini ya katikati ya kiangazi, Jumamosi hii, familia yote itaoga mvuke kwenye sauna yake. Kama mwaka jana. Kama miaka tisa mfululizo! Eti sauna ya Waino, yaani yangu, ina ukuta unaopitisha upepo mpaka mtu anatoka jasho upande mmoja. Watu wakacheka. Mama mkwe, miaka themanini na minne, anayeishi kwa Onni, hakucheka. Alitikisa kichwa tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nyumbani Lempi, mke wangu, akavua kofia yake ya kanisani. Kisha kaniambia taratibu kwamba amechoka kubeba taulo zake kwenda kuoga kwa kaka yake kama mpangaji. Iliniuma. Nikaenda moja kwa moja kwa Onni, nikamwambia Juhannus ni kwetu. Akasema haya, ukuta ukiwa umezibwa kufikia Ijumaa atamleta mama.

Jumatatu, 16 Juni

Mungu yupo. Kanisa limemaliza kuezeka paa jipya na vigae vya lami, vya karatasi nene, vimebaki, mabunda kumi na mawili. Vyekundu, vya kijani, vyeusi. Mzee wa kanisa kasema nikiviondoa leo ni vyangu. Nimeviondoa kabla hajabadili mawazo.

Kinachozuia theluji juu ya kichwa kitashindwaje ubavuni? Lempi akauliza tangu lini nyumba ikavaa kofia mahali pa shati. Nikamjibu nusu ya nyumba za barabara ya mgodini zimevaa hivyohivyo na wenyewe wanalala usingizi. Akasema wenyewe walimwita fundi.

Jumanne, 17 Juni

Nimeanzia juu, kwa sababu ngazi ilikuwa imeshasimama pale. Safu nne kufikia mchana. Safi kabisa.

Onni akapita na lori lake. Akazima injini. Akatazama muda mrefu huku anatafuna kitu. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama kwa shemeji mvua hunyesha kutoka chini kwenda juu. Maana kila safu nilikuwa nimeipandisha juu ya ncha ya ile iliyo juu yake, na maji yote yangeingia nyuma. Nikamwambia hayo ni majaribio. Akasema anapenda sana majaribio yangu.

Alipoondoka nikang'oa zote nne. Nimeanza upya kutoka chini.

Alhamisi, 19 Juni

Joto la ajabu. Ukuta unatazama kusini, lami ikalainika, na saa nane mchana safu mbili nyeusi zikateremka polepole mpaka kwenye majani. Nilikuwa nimekaa nakunywa maziwa mgando, nikazitazama zinavyoondoka. Nilikaribia kulia.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na vigae. Dukani nimepata misumari mirefu kuliko yote waliyokuwa nayo. Kila kigae misumari minane. Hakuna kitakachokwenda popote.

Ijumaa, 20 Juni

Umekwisha! Mistari mitatu ya rangi, inaonekana mpaka ng'ambo ya ziwa. Onni kaja kukagua. Kagonga, kavuta, kanusa. Akasema basi, kesho. Lempi kaosha taulo zote za nyumba, hata zile ambazo hazikuwa chafu.

Jumamosi, 21 Juni

Juhannus. Watu kumi na wanne uwanjani, pamoja na mchungaji wa kanisa na mkewe. Wanaume tukatangulia, kama kawaida. Onni akapanda benchi la juu kabisa, pembeni kwenye ukuta mpya, akaamuru maji kwenye mawe ya moto. Nikamwaga. Akaomba tena. Nikamwaga kwa roho safi. Kisha akashusha pumzi na kuegemeza mgongo.

Ile misumari ilikuwa imepenya hadi ndani. Na chuma kwenye sauna hupata moto kama sufuria.

Sijawahi kuona mtu mzima akishuka mabenchi matatu bila kugusa hata moja. Alipita uwanjani alivyozaliwa, mbele ya mchungaji na mkewe, akaingia ziwani. Nikapigilia ubao juu ya zile ncha upesi kabla ya zamu ya wanawake. Nilijua nimekwisha. Lempi hakuniangalia.

Wanawake wakaingia. Saa nzima. Mama mkwe akatoka mwisho, mwekundu, macho yamelowa. Kumbe ni harufu. Lami ya ukutani ilikuwa imepashika, ikamkumbusha banda la baba yake kule Ufini, alikokuwa akipaka mashua lami. Onni, amelala kifudifudi kwenye majani, akasema ile ilikuwa lami ya miti, hii ni nyingine kabisa, ya kiwandani. Mama akamjibu kwamba pua yake haisomeshwi na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Halafu akatangaza: sauna ya Onni inanuka sabuni, na siku zake zilizobaki ataoga hapa. Lempi akanishika mkono mbele ya watu wote. Ushindi!

Jumapili, 22 Juni

Mama mkwe alimaanisha kuhamia. Onni kaleta sanduku lake kabla hatujanywa kahawa ya asubuhi. Na kiti chake. Na saa yake ya ukutani, inayogonga kila robo saa. Mama kashika chumba changu, na tayari kasema kahawa yangu ni maji ya kuoshea miguu. Lempi anaimba jikoni. Mimi nimepewa benchi la sauna la kulalia.

Onni alikuwa anapiga mluzi. Maskini, anaficha uchungu. Nilimwonea huruma.

Akiondoka akaniambia kwamba yule ng'ombe wake mzee, anayepiga mateke, hadhani kama kuna mtu mwingine wilayani anayeweza kumtunza. Na mimi ndiye kabisa siwezi. Nikamwambia amlete kesho asubuhi. Vigae vimebaki mabunda matano, vinatosha banda.