Marehemu Mzee Kajetani Akohoa Tena

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Baridi. Mwaka mmoja baridi ya Songea iligandisha jogoo wangu akiwa katikati ya kuwika. Alimalizia mchana jua lilipotoka. Watu hawaamini. Shauri yao.

Kitambulisho cha gazeti la Kengele nakivaa hata misani. Mwandishi, Ruvuma nzima. Na mimi shule niliishia la saba, la nane nikalichungulia dirishani. Tatizo ni Osmund, fundi redio wa pale stendi, anayeandikia gazeti jingine. Mhariri wangu ameonya kwamba habari ya Songea ikitoka tena kwa Osmund kabla ya Kengele, kitambulisho kirudi Dar es Salaam. Osmund ana kinasa sauti. Mimi nina kichwa.

Dorine, binti wa dada yangu Lidwina, yuko likizo kutoka chuo cha uandishi wa habari. Kaniamkia shikamoo mjomba, akaomba kuona kazi zangu. Alisoma ile ya chatu aliyemeza baiskeli. Akauliza nani alishuhudia. Nikamwambia chatu.

Jumanne, 6 Agosti
Habari kubwa. Padri kaingia kwa Mzee Kajetani, mtaa wa Mfaranyaki, na kichupa cha mafuta. Mpako wa wagonjwa, ule wa kuagia dunia. Mzee Kajetani si mtu mdogo: askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, alipigana Burma, kisha katekista mpaka meno yakaisha. Tangu wiki jana anakohoa.

Nimepiga hesabu. Bahasha naikabidhi kwa konda wa basi alfajiri, inafika Dar usiku, gazeti linatoka kesho yake, na huku tunalisoma siku ya tatu. Nikisubiri Mzee afe kwanza, Osmund keshapiga simu. Kwa hiyo nimeandika leo kifo cha kesho. Huu si uongo, ni kuwahi.

Dorine aliuliza kama nimeiona maiti. Nikamwambia mwandishi hodari hasubiri maiti. Akasema wao wanafundishwa kuthibitisha kwa watu wawili. Nikamjibu ninao: padri na kile kikohozi.

Nimeandika kwamba alikata roho akiwa ameushika mkono wa mwandishi wetu. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kuwasihi Watanzania wasome Kengele.

Ijumaa, 9 Agosti
Ukurasa wa kwanza, chini kidogo, na jina langu kwa wino mzito. Nimetembea nalo sokoni, stendi, kisha mbele ya kibanda cha Osmund mara kadhaa. Kainamia redio yake. Raha.

Nikaenda Mfaranyaki kutoa pole. Nimemkuta marehemu kakaa uani anaota jua, anakula kiazi kitamu.

Nikamwamkia, mguu mmoja ukiwa tayari barabarani. Akaitikia marahaba. Akaomba nimsomee gazeti, maana macho hayamsaidii. Nilimsomea mpira. Kuhusu padri akasema ni yeye aliyemwita. Yale mafuta yanamfaa sana goti. Mwaka huu keshapakwa mara tatu.

Mtu mzima anachezea sakramenti namna hii, halafu mkosaji niwe mimi.

Jumamosi, 10 Agosti
Basi la Namtumbo limeshusha msiba. Akina mama wanalia tangu mlangoni mwa basi, magunia ya mahindi, kuku wamefungwa miguu. Mke wangu Kunegunda alishapewa sufuria kabla hajajua kafa nani.

Walipomwona Mzee wakanyamaza, ila mama mmoja aliendelea. Alisema keshaanza, hawezi kukatisha. Mzee akauliza amekufa nani. Wakamwambia ni yeye. Akauliza lini. Jumatano. Akasema Jumatano alikula maharage, na yalikuwa na chumvi nyingi.

Kisha akafika Gaspari, mwanawe, kutoka kwenye machimbo ya Tunduru. Kichwa kipara. Kashanyoa kwa msiba. Alimshika baba yake mabega, akakaa chini mavumbini. Dorine akaniambia taratibu kwamba huyu mtu kalia njia nzima kwa ajili ya maneno yangu.

Nilimvika kofia yangu. Nadhani ni kwa sababu ya jua.

Jumapili, 11 Agosti
Wayao wamekuja. Hili sikulipigia hesabu. Wao ni watani wetu, na Mngoni akifa mtani ana haki yake: kumwigiza marehemu, kulala kaburini, kukataa mazishi mpaka apewe chochote. Kiongozi wao ni Bi Tabu wa Tunduru, mama wa korosho, sauti kama honi ya lori. Akasema amekula vumbi la barabara ile yote, Mungu shahidi wake, harudi kwake bila kuzika Mngoni.

Osmund, aliyekuja na kinasa sauti chake, akaninyooshea kidole.

Walinilaza kwenye mkeka, wakanimwagia unga usoni, wakanililia. Bi Tabu alikivaa kitambulisho changu, akatembea kifua mbele kama mimi, akatangaza kwamba marehemu alikuwa mwongo lakini alijitahidi. Mzee Kajetani akaombwa wasifu. Akasema alinijua tangu mtoto, na tangu hapo hajawahi kusikia kutoka kwangu jambo lililotokea. Gaspari akacheka kwa mara ya kwanza.

Kitambulisho nimekikomboa kwa jogoo. Yule yule wa baridi. Osmund kanasa kila kitu.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimeitwa posta kupokea simu. Mhariri. Gazeti la Osmund limeuliza kwa nini Kengele inazika watu walio hai. Nitume masahihisho kesho alfajiri, la sivyo nirudishe kitambulisho.

Dorine kaniandikia mistari mitatu. Gazeti lilikosea. Mzee yu hai. Tunamwomba radhi yeye na familia yake. Tukampelekea Mzee mwenyewe, akasomewa, akasema hayo yanatosha, hataki zaidi. Gaspari akanipa mkono.

Mistari mizuri, lakini imepoa kama uji wa jana. Kabla ya kufunga bahasha nimeipasha moto kidogo.

Alhamisi, 15 Agosti
Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na mimi nimepaa pia. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa: AFUFUKA SONGEA. Siku ya tatu, mbele ya macho ya mwandishi wetu. Mhariri kapiga simu mwenyewe, anataka picha ya kaburi. Kitambulisho kinabaki. Osmund kafunga kibanda mapema.

Baada ya misa watu wamejipanga mpaka barabarani kumgusa Mzee. Wengine wametoka Namtumbo tena, safari hii na wagonjwa wao. Padri ananitafuta. Gaspari pia ananitafuta, kashika fimbo. Dorine kanikasirikia. Kainakili habari yangu yote kwenye daftari lake, anasema chuoni watanisoma muhula mzima. Nimemwambia asikosee herufi za jina.

Jioni Mzee ameanza kukohoa, kwa kukaa kwenye baridi akiguswaguswa. Padri kaingia na kichupa. Kunegunda anasema ni goti. Najua ni goti.

Lakini Osmund nimemwona langoni pale. Na konda anaondoka alfajiri.

Nimeandika aya ya kwanza tu ya kifo cha pili, ikae kwenye bahasha mezani. Bahasha nimeilamba ili vumbi lisiingie.