Mjane Aliyerekebisha Mkono wa Trela Bila Kutuuliza

Kwa Ndugu Orville Tveit,
Katibu, Klabu ya Wapanda Farasi ya Torvik,
Dakota Kaskazini.
Agosti 27

Ndugu Katibu,

Yah: Mwenendo wa Bi Arlys Brandvold

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa mkono uliotulia, kwa kuwa nimesubiri siku nne hasira zipoe. Zimepoa. Nimebaki na huzuni ya kiungwana tu.

Kama ujuavyo, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika uenyekiti wa Kamati ya Ushauri wa Trela. Tuko wanaume sita. Mwanachama akibadilisha gari linalovuta trela lake la farasi, sisi hukutana duka la ushirika, tukanywa kahawa, tukatoa maoni, kisha Jumamosi tukaenda kwake kusimama nyuma ya gari. Kazi hiyo haijawahi kuchukua chini ya wiki tatu.

Mwezi wa saba Bi Arlys, mjane wa rafiki yetu Vernon, aliuza pikapu ya marehemu iliyokuwa imeinuka, akanunua nyingine ya chini. Mtu yeyote mwenye macho alijua kuwa trela lake sasa litainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Kamati ilifurahi sana. Namaanisha, ilisikitika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakutuuliza. Tulipofika kwake saa tatu asubuhi, sita wote, alikuwa ameshamaliza, ananawa mikono bombani. Alikuwa ameuchomoa ule mkono wa chuma wa nyuma ya gari, akaugeuza chini juu ili gololi inayoshika trela ipande, akaifunga gololi upya na kuikaza kwa spana. Trela lilisimama sawa kama meza. Tulibaki uani hatuna la kufanya. Gaylen Rude alipiga tairi teke, kwa kuwa ndicho alichokuja kufanya, tukanywa kahawa, tukaondoka.

2. Alipima. Alitumia futi na pima maji, akaandika tarakimu nyuma ya bahasha. Nilimwuliza kwa upole kwa nini hakutumia jicho. Nikamweleza kuwa mimi mwenyewe nilinunua pikapu mpya mwezi wa nne, iliyoinuka kuliko ya zamani, na sikupima kitu. Nilitazama kwa mbali nikaona panafaa.

"Nimeliona trela lako, Delbert," akasema. "Nilidhani linataka kuruka."

Wenzangu walicheka. Majina yao ninayo.

3. Hili linanisumbua hata usingizini. Tulitaka kumfariji. Nilimwambia Vernon angejivunia, maana katika kaunti hii hakuna aliyejua kusawazisha trela kama yeye, na klabu ilimpa kibao cha shaba mara mbili. Bi Arlys akakausha mikono taratibu.

"Vernon alikuwa anashika tochi," alisema. "Miaka thelathini na moja. Tena alikuwa akimulika kwingine."

Nikamwuliza mbona hakusema siku zote hizo.

"Mlikuwa mnamsifu, naye anafurahi. Ningemnyima ya nini?"

Ndugu Katibu, tuna vibao viwili vyenye jina la mtu mwingine, na huyo aliyeandikwa tumeshamzika. Katiba ya klabu inasemaje juu ya jambo kama hilo? Mimi nimeisoma mara mbili, haisemi.

4. Jumamosi iliyopita, safari ya mtoni. Tukiteremka bondeni, trela langu lilianza kuyumba, kwanza kidogo, kisha likawa ndilo linaloendesha gari. Silaumu kimo cha gololi, upepo ulikuwepo. Tulikwenda kusimama katikati ya shamba la alizeti la watu. Farasi wangu jike, Trudi, alikuwa wima ndani, anatetemeka, jasho linamtoka, amechubuka goti. Bi Arlys alikuwa nyuma yetu, na trela lake lilikuwa na nafasi moja. Mke wangu LaVonne alimtoa Trudi bila kunitazama, akampandisha kule, kisha akaenda kuketi kiti cha mbele cha Arlys.

"Delbert," alisema dirishani, "sisi tunakwenda na huyu. Wewe njoo na maoni yako."

Nilivuta trela tupu maili kumi na nane.

5. Tangu hapo wanawake watano wamepeleka magari yao kwa Bi Arlys. Jumatatu niliwaona wamelala chini ya magari yao wenyewe, miguu imejipanga nje, wanacheka. Kwenye duka la ushirika hatuulizwi hata saa. Gaylen ameanza kunywa kahawa nyumbani, na mkewe ameniomba nilikomeshe jambo hilo haraka.

Kwa hiyo naomba mkutano upitishe kwamba mwanachama asiingie chini ya gari lake pasipo wanakamati wawili kusimama kando. Pima maji zote zikabidhiwe mweka hazina. Na Bi Arlys atakiwe kuomba msaada walau mara moja kwa mwaka, hata kama hauhitaji.

Nisalimie Bi Inga, mkwe wenu, na wote walio nyumbani, hata Gaylen ukimwona.

Ni mimi, ninayeitakia klabu mema,
Delbert Haugen
Mwenyekiti wa Kamati

N.B. Tafadhali usiisome barua hii mkutanoni. Jana nilimpelekea Bi Arlys pikapu baada ya kuzunguka mtaa mara tatu. Alikataa kuigusa. Alinipa futi na gunia la kulalia, akaketi kwenye ndoo. Nimeushusha mkono inchi nne, kwa mikono yangu, na mgongo unaniuma vizuri sana. Leo asubuhi Trudi ameingia kwenye trela bila kuvutwa. LaVonne naye ameniuliza Jumamosi tunaondoka saa ngapi.