Mfuko wa Bastola Chini ya Kitenge

Jumatatu, 4 Novemba 2013

Elinaza, msimamizi wa kamati ya harusi, ametangaza! Harusi ya Abigael, tarehe 16, ukumbini Richmond Hill, hapa Kanada: marufuku kuingiza chakula kutoka nje, na mikoba itakaguliwa mlangoni. Alitangaza huku akiniangalia mimi. Anajua pilipili yangu ya kukaanga ndiyo kampeni yangu. Wiki moja baada ya harusi Umoja wa Akina Mama wa parokia tunachagua mwenyekiti, na wagombea ni wawili tu, yeye na mimi Asumpta. Miaka sita nimekuwa mtunza vikombe vya chai. Nikikosa safari hii nitazeekea kwenye vikombe.

Chakula cha kumbi za huku ni kuku aliyechemshwa kisha akasahauliwa. Mwenye pilipili mezani ndiye mwenye kura. Lazima chupa iingie.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata! Kumbe mtandaoni kuna wanawake wa Kimarekani wanaoficha bastola mwilini kutwa nzima. Wanaendesha gari, wanabeba watoto, na hakuna anayejua! Nilijiziba mdomo. Lakini ikiwa bastola inafichika, chupa ya pilipili itashindwaje?

Nimesoma saa tatu. Kwanza mkanda, mfuko baadaye. Mkanda ukiwa legelege, mfuko unaning'inia na kila mtu anauona. Ule wa ubavuni, kwa sisi wenye nyonga pana na kiuno kifupi, unachoma mbavu ukikaa. Wa pajani unateleza. Ulio bora ni mkanda mpana wa kuvutika, unafungwa tumboni, mfuko mgumu mbele. Nimeagiza upelekwe Buffalo, ng'ambo ya mpaka, Marekani. Nyakundi, jirani yetu Mkenya dereva wa lori, ataupitia.

Ildefonce, mume wangu, alipita nyuma yangu kuchukua chai nikiwa bado nachagua. Akasimama. Akatazama kompyuta. Kisha akaosha vyombo! Miaka kumi na minane ya ndoa!

Jumanne, 12 Novemba

Mzigo umefika. Nyakundi aliukabidhi macho yamemtoka, akauliza kama mzee yuko salama, maana hiyo si kitu ya kuchezea. Nikamwambia ni siri ya wanawake. Akaondoka bila kunywa chai. Mkenya kukataa chai!

Mtandao unaagiza uuvae nyumbani kwanza. Nimeuvaa kutwa, chupa ndani. Nimeinama, nimepiga magoti, nimekaa kwenye sofa, nimelikumbatia jokofu. Raha tupu.

Ildefonce siku hizi ananiitikia "ndiyo mama" kwa kila kitu. Jana alikwenda kuungama kwa Padri Évariste, na leo ameniungamia mimi pia, bila kuulizwa. Eti aliwahi kumwambia Elinaza kwamba pilau yake inaishinda yangu. Nimemsamehe, kwa muda.

Ijumaa, 15 Novemba

Gauni la kitenge linabana na chupa inajitokeza. Nikakimbilia kwa Parveen, fundi cherehani wetu hapa Downsview, Mhindi wa Moshi. Akanigonga tumbo kwa kidole, akakuta gumu. Akauliza mimba ina miezi mingapi, mama, na umri huu? Jamani! Nikafunua nikamwonyesha. Alikaa chini. Nikamwapia kwamba ndani ni pilipili tu. Akasema afadhali ingekuwa mimba.

Hata hivyo ametia marinda mbele. Ameniomba nisimwambie mtu nani kashona.

Jumapili, 17 Novemba

Siwezi kusimulia. Nasimulia.

Mlinzi hakufungua mkoba hata mmoja! Alitabasamu tu akatukaribisha. Nikaingia mgongo wima, tumbo limebanwa, najiona mwenyekiti kabisa. Kuku akaletwa. Mweupe, amechemshwa. Wakati wangu ulikuwa umefika. Nikasimama mbele ya meza kuu, nikapitisha mkono kwenye marinda, nikavuta. Mfuko ukatoka kwanza, mweusi, ncha yake imeelekea maharusi.

Ildefonce akapiga yowe kwamba nina bastola, nisiwaue watu, mwenye makosa ni yeye. Akaingia chini ya meza. Watu mia mbili wakamfuata, wengine chini ya meza, wengine mlangoni. Bibi harusi alikimbia na shela lake mpaka kwenye maegesho!

Polisi walifika. Nikainua mikono juu. Mmoja akachukua mfuko, akafungua chupa, akanusa. Alilia sana, maskini, wakamwagia maji usoni. Alipoweza kusema akanieleza kwamba mfuko wa namna hiyo hauna kazi Kanada, kwa sababu karibu hakuna raia anayeruhusiwa kutembea na bastola iliyofichwa. Mimi najuaje? Mtandao haukusema!

Nilimwona Abigael akitetemeka kwa baridi, wanja umemchuruzika mpaka shingoni. Nikaona aibu. Aibu ya kweli, siyo ya kuigiza.

Tuliporudishwa ndani, Elinaza alifungua mkoba wake. Mkoba! Akatoa chupa ya pilipili, kubwa kuliko yangu, akaizungusha meza kwa meza akianzia kwa maharusi. Watu walimpigia makofi. Nilimwuliza kuhusu marufuku yake. Akasema kwa upole kwamba ilikuwa ya pombe na sambusa, nani angezuia pilipili?

Jumapili, 24 Novemba

Uchaguzi umefanyika baada ya misa. Elinaza thelathini na moja. Mimi mbili.

Nyumbani nako hakuna faraja. Tangu polisi wamhakikishie kwamba bastola haipo, Ildefonce hajaosha hata sahani moja.

Lakini kura mbili! Moja ni yangu. Ya pili ya nani? Nilimshuku Abigael, ila bado hanisalimii. Wakati wa chai Elinaza akanivuta pembeni. Akaniambia ni yeye. Alinionea huruma, hakutaka nibaki na kura yangu peke yake. Akanishika mkono, akasema tusonge mbele pamoja.

Nimeshtuka mpaka nikakalia vikombe. Mgombea anampigia kura mpinzani wake! Mtu laini namna hiyo hafiki Pasaka kwenye kiti.

Na nimeshajua nilipokosea: ni tumboni. Pale mkono unaonekana ukipita. Nimeagiza mfuko wa kifundo cha mguu. Unachukua chupa mbili.