Siku Kidole Kilipokataa Kushuka

Sogeeni, enyi mnaokunja, mnaokata na mnaobandika! Wekeni chini gundi, futeni mikono, mtege masikio, maana nasimulia vita vilivyopiganwa asubuhi moja katika chumba cha nyuma cha kiwanda chetu cha uchapaji, kati ya rundo la karatasi na feni isiyozunguka, vita ambavyo havikumwaga damu ila kikombe kimoja cha chai. Nami nisiongeze chumvi, isipokuwa pale itakapopungua.

Alikuwapo shujaa. Jina alilopewa na wazazi wake tulishalisahau. Sisi tulimwita Kidole, kwa kuwa alipiga kibodi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kuume, kama kuku adonoaye mtama. Kidole, mtoto wa kaka yake mwenye kiwanda! Kidole, mlinzi wa mafaili, mfunguaji wa nyaya zilizojifunga, ambaye ni yeye peke yake aliyethubutu kuingia katika dirisha jeusi la kompyuta, mahali pasipo na picha wala vitufe, ambapo mtu huandika amri na mashine hutii bila kuuliza mara mbili.

Madirisha hayo yalikuwa mawili. Moja lilifika kwenye kompyuta ya majaribio, ambako kila kitu ni cha kuchezea. La pili lilifika kwenye kompyuta kuu, ambako zimelala kazi zote za wateja. Nayo yalifanana kama mapacha waliovalishwa sare: weusi uleule, na mwanzoni mwa kila mstari kialama kilekile kidogo, kimekaa kimya kikisubiri amri, wala hakisemi kuwa kiko nyumba gani.

Hapo ndipo msiba ulipozaliwa. Juma lililotangulia, Kidole alikusudia kufuta takataka za majaribio, akafuta mialiko mia nne ya harusi ya binti wa daktari wa meno. Tuliandika upya majina ya wageni siku mbili mfululizo, huku daktari amesimama nyuma yetu akisaga meno yake mwenyewe. Na sasa mialiko hiyo ilikuwa imelala tena kwenye kompyuta kuu, ikingoja kuchapwa saa saba.

Shangazi mwenye kiwanda akaingia, miwani juu ya kichwa, akanena:

"Kidole, damu ya kaka yangu! Nimekuvumilia kama kiatu kipya. Leo adhuhuri kuna takataka za kufuta tena. Yatofautishe hayo madirisha yako. Ukigusa kazi ya mtu mara ya pili, kiti hicho unahama, unakwenda kwenye gundi."

"Gundi ya bahasha, shangazi?"

"Ya bahasha. Na ile nyingine inayonuka."

Shujaa akainuka, akaweka mkono kifuani. "Shangazi, shuhudia! Kabla jua halijafika utosini nitakiandika upya kialama hiki, kitangaze jina lake kama tarumbeta!"

"Kitangaze polepole. Wateja wapo mbele."

Basi Kidole akalifungua faili la mipangilio la kila kompyuta, lenye mabano na mikwaju kama ua la miiba, akajitosa. Kwanza akaweka jina la kompyuta. Laiti angeishia hapo! Lakini ushindi mdogo humlevya mtu. Akaongeza saa. Akaongeza tarehe. Akaongeza jina la folda, na jina lake mwenyewe, na mishale mitatu, na mwishoni simba aliyeungwa kwa nukta na vistari. Kialama kikarefuka hadi kikajaza dirisha zima, nafasi ya kuandika amri ikabaki upana wa ukucha. Alipoandika, herufi zikarudi mwanzo wa mstari, zikapita juu ya mkia wa simba.

Hakukata tamaa. Akaita rangi. Akaufungulia wekundu, akasahau kuandika mahali pa kuufunga, nao ukamwagika kama mto uliobomoa kingo: jina jekundu, tarehe nyekundu, simba mwekundu, amri na majibu yake vyote vyekundu, katika madirisha yote mawili. Kidole akaruka nyuma. Hapo ndipo chai ilipomwagika.

Mama Kisu, mkata karatasi wetu, akaja na tambara.

"Baba, humo ndani kunaungua?"

"Hakuungui, mama. Ni rangi. Niliifungulia, sikuifunga."

"Na huyo paka?"

"Simba."

"Haya." Akafuta chai taratibu. "Mimi kisu changu kikiwa juu, nafunga kitambaa chekundu kwenye mpini. Kikiwa chini, nafungua. Pale sijaandika tarehe. Sijachora paka. Na vidole vyangu hivi, hesabu."

Akavinyosha vyote kumi mbele ya uso wake.

Kidole akavihesabu mpaka kumi. Kisha akaketi, akamfuta simba, akafuta mishale, akafuta hata jina lake, jambo lililomuuma kuliko yote. Kwenye kompyuta kuu akaandika neno moja, KUU, jekundu, na safari hii akaifunga rangi. Kwenye ile nyingine akaandika JARIBIO, kijani. Basi.

Adhuhuri ikafika. Shangazi akashusha miwani machoni. Tukaacha bahasha, tukasogea. Shujaa akaandika amri ya kufuta, akakiinua kidole chake juu ya kitufe cha Enta, kidole kikaanza kushuka. Ndipo jicho lake lilipokutana na neno jekundu mwanzoni mwa mstari.

Kidole kikaganda hewani. Mialiko mia nne ilining'inia pale chini ya ukucha. Kisha kikarudi nyuma, polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

Akahamia kwenye kijani. Akaandika. Akabonyeza. Takataka zikaangamia.

"Kule kwa kwanza ulikuwa unataka kufuta nini?" shangazi akauliza.

"Hakuna, shangazi."

"Nimeona." Akapandisha miwani yake kichwani. "Kaa hapohapo."

Na iandikwe, basi, kwamba siku ile, saa sita na dakika nne, kidole kimoja hakikushuka, na kwa kutoshuka kwake watu mia nne walialikwa harusini. Saa nane daktari alikuja kuchukua mzigo wake, akaufungua, akatabasamu, nasi tukaona kwa mara ya kwanza kwamba meno yake yote bado yapo.