Alama Zangu Zote za Semina Apewe Mama Pasi

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wafanyakazi,

Nakusalimu kutoka chumba cha mvuke, ambako hata salamu hutoka zimelowa.

"Asiyehudhuria semina hajifunzi, na asiyejifunza ni mzigo kwa kiwanda." Maneno hayo uliyachapa ukurasa wa kwanza wiki iliyopita. Aliyeyasema ni Mkuu wetu wa Mafunzo na Maendeleo ya Watumishi, ambaye sisi wa huku chini tunamwita Slaidi, kwa kuwa hajawahi kuonekana akizungumza bila ukuta wa kumulikia slaidi zake. Niliyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikapaliwa na chai, ya tatu nikatafuta kalamu.

Mzigo unaosemwa namjua. Ni Mama Pasi, anayeendesha mashine kubwa ya kupiga pasi mashuka ya hospitali na hoteli, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Sheria inataka kila mfanyakazi awe na alama arobaini za kujiendeleza, na semina moja ni alama nne. Mimi ninazo mia moja na kumi na mbili. Mama Pasi anazo mbili, na hizo alipewa kwa kujaza dodoso la kueleza kwa nini hahudhurii. Ijumaa hii kamati ya watu watatu itakaa ili kumwondoa kwenye mashine yake na kumpeleka getini kuhesabu mifuko ya nguo chafu.

Kwa heshima zote, naomba alama zangu zote, bila kubakiza hata moja, zihamishiwe kwake. Hoja zangu ni hizi:

1. Sikuzipata kwa kujifunza. Semina ya Kusikiliza kwa Makini iliendeshwa na mtu aliyesema saa nne mfululizo na kukataa maswali. Semina ya Matumizi Bora ya Muda ilichelewa kuanza kwa saa mbili. Katika ile ya Kazi ya Pamoja tulijenga mnara wa mirija ya soda na gundi ya karatasi. Ukaanguka, tukapigiana makofi. Nimefanya kazi hapa miaka tisa na sijaona mteja aliyeleta mirija tumpigie pasi.

2. Nikiwa kwenye mirija, nani alikuwa kwenye mashine yangu ya kukausha? Mama Pasi! Mkono mmoja kwake, mkono mmoja kwangu. Mara zote ishirini na nane! Kila cheti nilichonacho kimelowa jasho la mtu mwingine. Nimevibandika ukutani sebuleni, na mke wangu akivipangusa vumbi huuliza, "Na mwenye navyo hajambo?"

3. Ninachokijua kweli alinifundisha yeye, bila slaidi. Siku yangu ya kwanza nilijitosa kunyoosha shuka lililokuwa linaingia kwenye roli la moto la mashine yake. Akanishika kola. "Wewe msomi, toa mkono kabla hujakunjwa na kupelekwa hotelini." Hiyo ndiyo semina fupi kuliko zote nilizopata, na ndiyo pekee ambayo ushahidi wake ninao bado, vidole kumi.

4. Mwaka jana Slaidi mwenyewe alishuka huku kuwaonyesha wageni jinsi tulivyoendelezwa. Akainama, tai yake ikaanza kuingia kwenye roli, na yeye nyuma yake. Mama Pasi alizima mashine kabla wageni hawajamaliza kusema "Mungu wangu". Akaikata tai kwa mkasi wa nyuzi, akamwambia, "Nenda kakae, baba, utulie." Wiki iliyofuata pakawa na Semina ya Usalama Kazini, mfano mkuu ukiwa mkasa huohuo. Sote tuliohudhuria tulipata alama nne. Aliyezima mashine hakupata kitu, kwa sababu hakuhudhuria. Alikuwa wapi? Kwenye mashine, Ndugu Mhariri! Akitushikia zamu ili tukafundishwe alichokifanya!

5. Nasikia watu wa ofisini wakinong'ona kwamba maarifa hayahamishwi kwa barua. Ati? Slaidi hudai kuyahamisha kutoka ukutani hadi kwa watu arobaini kwa pamoja, kumi na wawili wakiwa wamelala. Kama elimu inaweza kutoka kwenye ukuta ikamwingia mtu anayekoroma, itashindwaje kutoka kwangu nikiwa macho ikaenda kwa mama aliye macho, tena hatua sita kutoka niliposimama?

6. Na kama kuhudhuria ndiko kujifunza, basi tuwe wakweli hadi mwisho. Pale ukumbini, karibu na mlango, kipo kiti cha plastiki cha buluu, kimepasuka mgongoni. Hakijakosa semina hata moja. Hakitoki nje kupokea simu, hakisinzii, hakigombanii chai. Kwa hesabu za Mkuu wetu, hakuna msomi anayekikaribia humu kiwandani. Napendekeza kipandishwe cheo kiwe Naibu Mkuu wa Mafunzo, na kikishazoea, yule wa sasa akipishe. Hatutaona tofauti, ila tutapumzika na kelele.

Sasa nawageukia ninyi watatu wa kamati: Mkuu wa Mafunzo, Meneja Utumishi na Meneja Uzalishaji. Msijifiche nyuma ya fomu! Ijumaa, kabla ya kukaa, shukeni huku. Vaeni aproni. Kila mmoja apige pasi mashuka kumi yasiwe na mkunjo wala doa la kuungua. Atakayeweza apige kura. Asiyeweza aandikishwe kwa Mama Pasi kama mwanafunzi, na aje na adabu.

Nisalimieni mlinzi wa getini, mama wa chai, vijana wa chumba cha kukunja, fundi wa bomba anayekuja kila Jumanne kutengeneza alichotengeneza Jumatatu, na kile kiti.

Wenu mwenye hasira na heshima,
Mwendesha mashine ya kukausha namba mbili,
mwenye vyeti ishirini na vinane, kwa sasa.

Baada ya kusaini: Barua hii nilimsomea Mama Pasi wakati wa chai. Alicheka hadi akavua miwani. Nikaona ni vyema apate ushahidi wa macho, nikamwambia, "Dada, nenda leo semina moja tu, uone upuuzi wenyewe, urudi unisaidie kutia makali hoja ya kwanza. Mashine zote mbili niachie." Akaenda saa nane. Saa tisa hajarudi. Saa kumi nilikuwa nimeunguza mashuka kumi na manne, nikapanda juu kumwokoa.

Nilimkuta kwenye kiti cha buluu, viatu chini, miguu imenyooshwa. Slaidi alikuwa akiuliza kama kuna mwenye swali. Mama Pasi akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii inarudiwa lini?" Kisha akanigeukia, macho yamemlegea kwa raha. "Miaka ishirini na miwili, mdogo wangu. Kumbe huku watu wanakaa!"

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa yote. Alama zangu hazitaki, anasema atazitafuta mwenyewe, tena polepole. Sasa anazo sita, amebakiza semina tisa. Kamati iahirishe Ijumaa yake mpaka zote tisa ziishe, na kila moja iwe ndefu. Zamu nitamshikia mimi. Wateja wa mashuka wawe na subira. Na lile ombi la cheo cha kiti naliondoa leo hii. Kiti kisisogezwe hata unyayo mmoja. Kimepata mwenyewe.